HMS Petard

HMS Petard ilikuwa manowari ya Uingereza ya kusindikiza misafara ya meli katika Vita Kuu ya Pili ya Dunia. Iliundwa kwenye mto Tyne, ikashushwa majini mwaka 1941 na kuanza kazi mwaka 1942. Inakumbukwa kwa kuzamisha nyambizi za Ujerumani, Italia na Japani, zote tatu.

Usiku wa 30 Oktoba 1942, katika bahari ya Mediteranea, nyambizi ya Kijerumani U-559 ililazimishwa kuibuka. Mabaharia wa Petard, Anthony Fasson na Colin Grazier, waliingia ndani yake na kutoa vitabu vya siri, wakazama nayo. Tommy Brown, kijana wa duka la melini aliyewasaidia, alinusurika. Vitabu hivyo viliwasaidia wataalamu wa Bletchley Park, kituo cha Uingereza cha kuvunja misimbo, kusoma tena mawasiliano ya nyambizi za Wajerumani. Desemba mwaka huohuo ikaja zamu ya nyambizi Uarsciek ya Italia.

Kwa Afrika Mashariki, tarehe nzito ni 12 Februari 1944. Msafara KR 8, uliotoka Mombasa kwenda Colombo ukisindikizwa na Petard na manowari nyingine, Paladin, ulishambuliwa karibu na Maldivi na nyambizi ya Kijapani I-27. Meli ya abiria Khedive Ismail ilizama kwa dakika chache tu. Watu 1,297 walikufa, wengi wao askari wa kikosi cha mizinga cha Afrika Mashariki. Mabomu ya kuwinda nyambizi yalidondoshwa huku manusura wakielea palepale. Paladin iliharibika ilipojaribu kuigonga I-27. Topido ya Petard ndiyo iliyoimaliza.

Petard ilivunjwavunjwa kuwa chuma chakavu mwaka 1967.