Klosha za Scheme na miswada ya Lamu

Leo tuizungumzie klosha, kitu maarufu katika Scheme, lugha iliyobuniwa MIT mwaka 1975 na Gerald Sussman na Guy Steele. Klosha ni funksheni iliyobeba mazingira yake, yaani thamani za majina iliyoyakuta pale ilipozaliwa. Ukihifadhi msimbo peke yake kwenye faili, kesho utakuta x imebaki jina tupu.

Lamu walilijua tatizo hili kabla ya kompyuta. Tendi ziliandikwa kwa herufi za Kiarabu, zenye alama tatu za irabu, ilhali Kiswahili kina irabu tano. Mara nyingi herufi moja ilisimama kwa b na p, hivyo "bata" na "pata" zilifanana. Msomaji hakupotea, maana utendi alikwisha kuusikia ukisomwa. Mazingira yalikuwa kichwani mwake.

Mgeni hakuwa nayo. Mjerumani Ernst Dammann alipofika Lamu miaka ya 1930 alifanya kazi na Muhamadi Kijuma, mshairi na mnakili wa pale, kisha mwaka 1940 akachapisha tungo za Kiamu kwa herufi za Kilatini. Kijuma alifariki 1945.

Kwenye Scheme njia zipo. MIT Scheme huhifadhi kumbukumbu nzima kwa amri ya disk-save. Gambit huigeuza klosha, pamoja na mazingira yake, kuwa baiti. Ndivyo Termite ya 2006 inavyoituma mashine nyingine.

Kwa hiyo nasema: kuskani mswada ni kuhifadhi msimbo tu. Mrekodini na mzee anayeusoma, angali hai.