Kufuta siri katika kumbukumbu ya kompyuta: kwa nini kazi inaweza kuruka

Wakaaji wengi wa mashariki ya Kongo wanaweka feza katika telefone, na kila mara wanaandika namba ya siri. Ile namba inapita katika kumbukumbu ya muda ya mashini, pahali programu inatumikia. Kisha kazi kuisha, lazima ifutwe.

Katika lugha ya C, iliyoundwa na Dennis Ritchie huko Marekani katika miaka ya 1970, mwenye kuandika programu ndiye anayepanga kumbukumbu. Akitumia amri ya free, anarudisha nafasi tu. Vilivyokuwa ndani vinaweza kubakia. Ni kama kuhama nyumba na kuacha barua mezani.

Basi wengi wanaandika sifuri juu ya siri kwa amri ya memset. Lakini kuna mtego. Kompaila, programu inayogeuza maandiko kuwa lugha ya mashini, inatafuta kupunguza kazi. Ikiona hakuna anayesoma tena pahali pale, inasema kufuta ni bure, inaondoa ile amri. Ni sawa na mwanafunzi anayeacha ubao bila kupanguza, sababu darasa limekwisha. Mwandishi akisoma maandiko yake anaona amri iko, kumbe katika programu inayotembea haiko.

Hatari yake ilionekana mwezi wa 4, 2014. Kosa lililoitwa Heartbleed, ndani ya OpenSSL, liliacha mtu wa mbali achote hadi kilobaiti 64 za kumbukumbu ya seva kila anapoomba. Kosa lenyewe lilikuwa kutopima urefu wa ombi, lakini siri zilizobakia mule ndizo zilizoweza kutoka.

Dawa ni amri ambazo kompaila haina ruhusa ya kuruka: explicit_bzero katika OpenBSD na Linux, SecureZeroMemory katika Windows, na memset_explicit katika kanuni ya C ya 2023. Hata hivyo hazifuti kopi zilizokwisha kwenda pengine, kama vile katika diski. Kwa hiyo siri ikae pahali pamoja, muda mfupi, na ifutwe hata kama programu imekutana na kosa katikati.

Kwa mtumiaji, jambo la kufanya ni kukubali mise à jour ya telefone: mara nyingi ndiyo inayoleta marekebisho ya makosa kama haya.