Chuma Chenye Kutu na Amri ya Nane

Katika sharika zetu za Shinyanga na Geita, si ajabu mtu anayechimba msingi wa nyumba au shimo la choo kugonga chuma. Mara ni bapa lililoliwa na kutu, mara ni tufe zito, mara ni donge jeusi lenye vitundu vingi. Maswali yanayofuata tunayajua. Je, ni mali ya Mjerumani? Je, ni uchawi? Je, mnunuzi wa vyuma chakavu atatoa shilingi ngapi kwa kilo? Swali linalosahauliwa ni hili: kitu hiki ni nini, na nani alikitumia?

Tuanze na donge jeusi. Mara nyingi hayo ni mavi ya chuma, yaani takataka inayobaki baada ya kuyeyusha mawe yenye chuma. Kabla ya meli kuleta majembe ya viwandani, chuma cha nchi hii kiliyeyushwa papa hapa. Warongo wa upande wa Uzinza na Geita walikuwa mabingwa wa kazi hiyo. Walichoma mkaa, wakajenga tanuru, wakapuliza moto kwa mivukuto kupitia mirija ya udongo. Ukikuta donge zito lililoganda kama uji uliomwagika, na karibu yake vipande vya mirija iliyoungua, huenda umesimama mahali pa tanuru la wazee. Majembe yaliyofuliwa na wahunzi yaliuzwa mbali, na katika Usukuma na Unyamwezi yalitolewa hata kama mahari.

Jembe la mhunzi hutambulika kwa msuka, ile ncha iliyopenya kwenye mpini. Jembe la kiwandani lina tundu la kuingiza mpini, unene wake umelingana, na pengine lina chapa. La mhunzi lina mapigo ya nyundo. Upande huu mnene, upande ule mwembamba.

Sasa “mali ya Mjerumani”. Watu wamechimbua makaburi na misingi ya boma za zamani, na wengine wameuza ng’ombe ili kumlipa tapeli anayedai kuona hazina chini ya ardhi. Ukweli mmoja ungewaokoa wengi: kutu nyekundu ni ya chuma. Dhahabu haishiki kutu, fedha hugeuka nyeusi, shaba hugeuka kijani. Kilicholiwa na kutu si dhahabu, hata kama kimefukiwa chini ya mti wa kutisha.

Fedha za Wajerumani zilikuwepo kweli, na neno letu “hela” limetokana na sarafu yao ndogo. Mwaka 1916, walipokuwa wamefungiwa njia ya bahari na Waingereza, walitengeneza sarafu katika karakana ya reli ya Tabora. Ile ya dhahabu, ya rupia 15, ilikuwa na picha ya tembo, na dhahabu yake ilitoka Sekenke, Iramba. Zilitengenezwa kama 16,000 tu. Tarehe 19 Septemba mwaka huohuo Wabelgiji waliingia Tabora. Hiyo ni historia, wala haihitaji mganga kuisoma.

Tarehe nazo husaidia. Reli ya kutoka Tabora kupitia Shinyanga ilifika Mwanza mwaka 1928, wakati wa Waingereza. Basi msumari mnene wa reli uliookotwa kando ya njia hiyo hauwezi kuwa wa Mjerumani aliyeijenga, kwa kuwa hakuijenga. Vivyo hivyo tufe la chuma likipatikana Geita, usikimbilie kusema ni la mzinga. Mgodi wa zamani wa Geita ulifanya kazi tangu miaka ya 1930 hadi 1966, na vinu vya kusagia mawe hutumia matufe ya chuma, kama makarasha ya wachimbaji wadogo yanavyofanya leo. Lakini kitu chenye umbo la kombora au risasi kubwa usikiguse wala kukigonga, waite polisi.

Bolti yenye hesi zilizolingana imetoka kwenye mashine. Hata hivyo, mashine si jambo la juzi huku. Alexander Mackay, mmisionari Mskoti na mhandisi, alihamia Usambiro, kusini mwa Ziwa Viktoria, mwaka 1887 baada ya kufukuzwa Buganda. Huko alikuwa na karakana, akitafsiri Maandiko na kutengeneza boila kwa ajili ya mashua. Alifariki huko Februari 1890. Kwake nyundo na Injili vilikaa katika mikono ileile.

Sisi Walutheri tuna sababu nyingine ya kuheshimu vitu vya ardhini. Baba yake Martin Luther aliendesha kazi ya kuyeyusha shaba huko Mansfeld, Ujerumani. Mwaka 2003 wataalamu walichimba shimo la takataka la nyumba yao, wakapata mifupa ya nyama waliyokula, sarafu na vifaa vya nyumbani. Iliaminika kwamba Luther alikulia katika umaskini. Takataka zikaonyesha nyumba yenye nafasi. Mashahidi hao walikuwa wamekaa kimya miaka 500.

Neno shahidi ndilo linalonifikisha kwenye Amri ya Nane. Luther katika Katekisimo Ndogo hakuishia kukataza uongo juu ya jirani; alitutaka pia tumtetee na kuyafasiri mambo yake kwa wema. Katika mikoa yetu wazee, hasa wajane, wameuawa kwa tuhuma za uchawi. Kipande cha chuma kikifukuliwa nyuma ya nyumba ya bibi wa miaka 70, na mtu akanong’ona kwamba kimezikwa ili kuzuia mvua, maisha ya bibi yule yamo hatarini. Mwenye kujua kwamba ni msuka wa jembe la babu zake, au mavi ya chuma, anapaswa kusema, tena kwa sauti, siku hiyohiyo. Akinyamaza, ameuachia ushahidi wa uongo uendelee.

Kwa hiyo ukiokota, usikwangue wala kupaka mafuta. Andika mahali na kina, tazama kilikuwa pamoja na nini, kisha mpelekee taarifa afisa utamaduni wa halmashauri. Sheria ya Mambo ya Kale ya mwaka 1964 inalinda vitu vilivyotengenezwa kabla ya 1863, na kilo mbili za chakavu si bei yake.

Katika 2 Wafalme 6, mtu aliyepoteza shoka mtoni alilia kwa sababu lilikuwa la kuazima. Vyuma hivi navyo tumeachiwa na wengine. Tuviseme kwa kweli.