Korodani

Korodani (pia kende) ni viungo viwili vya uzazi vya mwanamume vinavyotengeneza mbegu za kiume na homoni ya testosteroni. Hukaa ndani ya mfuko wa ngozi, yaani pumbu, unaoning'inia nyuma ya uume. Katika mwambao wa Afrika Mashariki viungo hivi vimetajwa sana kwa sababu ya busha, maradhi yaliyowatesa wanaume wa Pwani na visiwani kwa vizazi vingi.

Maumbile

Korodani ya mtu mzima ina urefu wa sentimita 4 hadi 5. Ya kushoto kwa kawaida huning'inia chini kidogo kuliko ya kulia, na hilo si ugonjwa. Kila moja imefunikwa kwa utando mgumu mweupe, na ndani imegawanyika katika vyumba 250 hivi vyenye mirija myembamba iliyojikunja. Mirija ya korodani moja ikinyooshwa hufikia mamia ya mita. Nje ya utando huo mgumu kuna utando mwingine wa tabaka mbili, na baina ya tabaka hizo mna majimaji machache sana. Nafasi hiyo ndiyo hujaa maji mtu anapopata busha.

Korodani huumbwa ndani ya tumbo la mtoto, karibu na figo, na hushuka kwenye pumbu katika miezi ya mwisho ya ujauzito. Mishipa yake ya damu na ya fahamu hubaki imeanzia huko juu, ndiyo sababu mwanamume akigongwa korodani maumivu hupanda hadi tumboni.

Kukaa nje ya mwili huzipatia korodani joto la chini kuliko la mwili kwa nyuzi 2 hadi 4 hivi, na bila hivyo mbegu haziumbiki vizuri. Wakati wa baridi misuli ya pumbu hujikaza na kuzivuta juu. Wakati wa joto hulegea.

Utengenezaji wa mbegu

Kazi hii huanza wakati wa balehe na huendelea hadi uzeeni, ingawa hupungua. Tezi ya pituitari iliyo chini ya ubongo hutoa homoni mbili: moja huziamsha seli za Leydig zitoe testosteroni, nyingine huziamsha seli za Sertoli zinazolea mbegu ndani ya mirija. Tangu seli ya awali ianze kugawanyika hadi mbegu iote mkia hupita siku 74 hivi. Kisha mbegu hupita katika epididimisi, mrija mmoja wa mita 6 hivi uliojiviringisha nyuma ya korodani, na humo hupata uwezo wa kuogelea. Kwa hiyo homa kali ya leo inaweza kuonekana katika kipimo cha mbegu miezi miwili au mitatu baadaye.

Mbegu iliyokomaa ina kichwa chenye kromosomu 23, ikiwemo X au Y inayoamua jinsia ya mtoto. Mwanamume mzima hutengeneza makumi ya mamilioni ya mbegu kila siku, lakini mbegu ni sehemu ndogo tu ya shahawa. Majimaji mengi hutoka kwenye vifuko vya shahawa na tezi dume. Hii ndiyo sababu aliyefungwa kizazi kwa vasektomi, ambayo hukata mirija ya mbegu pekee, huendelea kutoa shahawa kama kawaida. Njia hii haina wafuasi wengi Afrika Mashariki.

Historia ya utafiti

Mholanzi Regnier de Graaf alieleza mirija ya korodani mwaka 1668. Mwaka 1677 Antoni van Leeuwenhoek wa mji wa Delft aliziona mbegu hai kwa darubini yake. Seli za Leydig zilielezwa mwaka 1850 na za Sertoli mwaka 1865.

Busha

Busha ni mkusanyiko wa maji kuizunguka korodani. Laweza kutokea kwa mtoto mchanga, au baada ya jeraha au maambukizi, lakini kwa watu wazima wa Pwani chanzo kikuu ni minyoo ya matende, Wuchereria bancrofti, inayoenezwa na mbu. Jina hilo limetokana na Otto Wucherer, aliyeona vijiminyoo katika mkojo wa wagonjwa huko Bahia, Brazil, mwaka 1866, na Joseph Bancroft wa Brisbane, aliyepata mnyoo mkubwa mwaka 1876. Mwaka 1877 Patrick Manson, akiwa Amoy nchini China, alionyesha kwamba vijiminyoo hukua ndani ya mwili wa mbu. Ulikuwa ugunduzi wa kwanza wa aina yake, na ulitangulia ule wa mbu wa malaria kwa miaka 20.

Minyoo mikubwa huishi miaka kadhaa ndani ya mirija ya limfu, hasa ya pumbu, na kuiharibu. Vijiminyoo vyake hujitokeza katika damu ya pembeni usiku, saa zile mbu wanapouma. Kwa hiyo wapimaji wa zamani walilazimika kupita nyumba kwa nyumba usiku wa manane, taa mkononi, wakiwatoboa watu vidole. Busha lenyewe hukua polepole na kwa kawaida bila maumivu, na likiachwa laweza kufikisha lita kadhaa za maji. Mwenye nalo hushindwa kulima, kupanda mnazi au kuvaa suruali. Wengi hujificha katika kanzu na misuli iliyopwaya.

Imani iliyoenea Pwani kwamba busha huletwa na kunywa madafu mengi haina msingi wowote. Wala busha si ngiri, ingawa watu wengi huyaita yote mawili mshipa. Tabibu huyatofautisha kwa vidole na tochi. Ngiri ni utumbo ulioshuka, hivyo mgonjwa akikohoa huvimba zaidi, na vidole havipati mahali pa kuushika uvimbe kwa juu. Busha hushikika juu yake, na likimulikwa kwa tochi katika chumba chenye giza, maji ya ndani hung'aa mekundu.

Mbu wa malaria hueneza matende vijijini, lakini mijini mwenezaji mkuu ni kuleksi, anayezaliana katika vyoo vya shimo na makaro. Mwishoni mwa miaka ya 1980, huko Makunduchi, kusini mwa Unguja, watafiti walimwaga punje nyeupe za polistireni juu ya maji ya vyoo. Punje zilielea kwa tabaka, viluwiluwi vikakosa hewa, na mbu wakapungua kwa kiasi kikubwa. Pamoja na dawa walizopewa wakazi, maambukizi yalishuka sana. Ni jaribio la busara ambalo halikuigwa inavyostahili.

Magonjwa mengine

Kujisokota kwa korodani huwapata hasa vijana wa miaka 12 hadi 18. Maumivu huanza ghafla, mara nyingi na kutapika, na damu hukatika. Ikifunguliwa kwa upasuaji ndani ya saa 6, korodani kwa kawaida hupona. Ikicheleweshwa kwa kuchuliwa na dawa za kutuliza maumivu, hufa.

Korodani isiyoshuka huonekana kwa takriban watoto 3 kati ya 100 waliozaliwa wametimiza miezi, na kwa njiti wengi zaidi. Isiposhuka yenyewe, hushushwa kwa upasuaji kabla mtoto hajatimiza miezi 18, ili kulinda uzazi na kupunguza hatari ya saratani. Saratani ya korodani ni adimu kwa Waafrika na hutibika ikiwahiwa.

Matubwitubwi yakimpata mtu baada ya balehe yanaweza kuvimbisha korodani. Kisonono na klamidia huziba mirija.

Ugumba

Kwa takriban nusu ya wenzi wanaokosa mtoto, tatizo liko kwa mwanamume, peke yake au pamoja na mkewe. Hata hivyo ni mke ambaye kwa kawaida hupelekwa kwanza hospitali, na kwa mganga pia. Kipimo cha shahawa ni chepesi: mwanamume hukaa siku 2 hadi 7 bila kumwaga, kisha sampuli hufikishwa maabara ndani ya saa moja. Mwongozo wa Shirika la Afya Duniani wa mwaka 2021 unaweka mpaka wa chini kuwa mbegu milioni 39 kwa mmwago mmoja.

Sababu inayopatikana zaidi ni varikosili, yaani kuvimba kwa mishipa ya vena ya pumbu, aghalabu upande wa kushoto. Sindano za testosteroni zinazotumiwa na baadhi ya wanyanyua vyuma huzima utengenezaji wa mbegu.

Hali ya sasa

Ugawaji wa vidonge vya kingatiba dhidi ya matende ulianza Mafia mwaka 2000, Zanzibar mwaka 2001 na Kilifi mwaka 2002. Zanzibar ilisimamisha ugawaji mwaka 2006, kisha ikabainika kuwa maambukizi yanaendelea. Togo ilithibitishwa mwaka 2017 kuwa imeutokomeza ugonjwa, na Malawi mwaka 2020. Uvumi kwamba vidonge hivyo hupunguza nguvu za kiume umewafanya baadhi ya watu wavikatae, ingawa si kweli.

Vidonge huua vijiminyoo, lakini haviondoi busha lililokwisha kujaa. Kulivuta maji kwa sindano hakusaidii, maana hurudi. Tiba yake ni upasuaji, ambao hufanywa katika hospitali za wilaya na katika kambi maalumu za mabusha. Nchini Tanzania, mwenye uvimbe anaweza kuulizia huduma hiyo katika kituo cha afya kilicho karibu au ofisi ya mganga mkuu wa wilaya.