Tamati na itaendelea

Tamati ni neno lililotoka katika Kiarabu, tammat, yaani 'imetimia'. Wanakili wa tenzi za pwani waliliandika chini ya ubeti wa mwisho. Katika hadithi za katuni, kama zile za jarida la Sani, neno lililozoeleka kwenye kona ya chini ni jingine: itaendelea. Tofauti hiyo huwa nzito mhusika anapokufa. Mchoraji ana nyenzo adhimu, ule uwazi kati ya kisanduku kimoja na kingine. Katika cha kwanza mkono umeshika fimbo. Katika kinachofuata fimbo imelala majanini peke yake, na msomaji ndiye anayekijaza kifo. Katika kijiji cha Wamaasai cha Ololosokwan, picha hiyo isiyomwonyesha aliyekufa ingeeleweka upesi, maana kwa desturi yao jina la marehemu halitajwi ovyo. Superman, shujaa wa katuni, aliuawa mwaka 1992, akarudi mwaka uliofuata. Tamati ile ilikuwa itaendelea tu. Hergé, mchoraji wa katuni za Tintin, naye alifariki mwaka 1983, akaiacha hadithi ya mwisho ya Tintin ikiwa rasimu tu. Ilichapishwa hivyohivyo mwaka 1986, bila tamati.