Safari ya ndege Nairobi–New York

Safari ya ndege kati ya Nairobi, mji mkuu wa Kenya, na New York, Marekani, ni miongoni mwa safari ndefu zinazoanzia Afrika Mashariki. Umbali wa moja kwa moja kati ya Uwanja wa Ndege wa Kimataifa wa Jomo Kenyatta na ule wa John F. Kennedy ni takriban kilomita 11,800. Kwa kuwa dunia ni mviringo, njia fupi zaidi huelekea kaskazini-magharibi, ikikata Sahara na kuvuka Bahari ya Atlantiki.

Shirika la Kenya Airways lilianzisha safari isiyo na kituo tarehe 28 Oktoba 2018, kwa ndege aina ya Boeing 787-8 Dreamliner. Kabla ya hapo, abiria walilazimika kubadilisha ndege njiani.

Kwenda New York huchukua saa 15 hivi, na kurudi Nairobi saa 14 hivi. Tofauti hiyo hutokana na pepo kali za anga za juu zivumazo kutoka magharibi kwenda mashariki: huisukuma ndege inaporudi na kuikinza inapokwenda.

Nairobi hutangulia New York kwa saa 8 majira ya baridi ya Marekani, na saa 7 majira ya joto. Hivyo, ndege ikiondoka Nairobi saa 6 usiku wakati wa baridi, hutua New York saa 1 asubuhi ya siku hiyo hiyo.