Tongoni na Firenze

Msafiri atokaye Sindeni, katika nchi ya Wazigua, akishuka kwa Korogwe na Muheza hata Tanga, kisha akaishika njia ya Pangani yapata kilomita 17, hufika Tongoni, mji uliositawi katika karne ya 15. Umebaki msikiti uliobomoka, na makaburi yapata 40, mengine yenye nguzo.

Aprili 1498 São Rafael, merikebu ya msafara wa Vasco da Gama, ilikwama mwambani karibu na hapo. Januari 1499 Wareno waliichoma moto wenyewe, kwa kuwa kiseyeye kilikuwa kimewaua mabaharia wengi. Mwaka huo huo Girolamo Sernigi, mfanyabiashara wa Firenze aliyekaa Lisbon, aliandika kwao habari za safari ile. Mji ule ulisifiwa kwa wachongaji wake, lakini barua yashughulika zaidi na viungo na bei zake.

Sanamu ya malaika Rafaeli iliyokuwa merikebuni ilinusurika, nayo imehifadhiwa Lisbon. Mabakuli ya kigeni yaliyopambia makaburi ya Tongoni hayakupata mlinzi kama huyo. Yaling'olewa au yalianguka, na matundu yake ya duara bado yaonekana katika chokaa.